Je, Kosa Lisiloonekana ni Kosa?

Ndugu msomaji, kabla hujaniuliza mwanamume mzima na sindano za kufumia wapi na wapi, nisikilize kwanza. Nina swali linalonisumbua tangu mwaka 2018, na sikulipata darasani wala kanisani. Nililipata ndani ya soksi ya mkono ya mtoto mchanga, ile glovu isiyo na vidole ambayo mama zetu huwavisha watoto wakati wa baridi, na pia wasijikwaruze uso kwa kucha. Swali lenyewe ni hili: kosa ambalo hakuna anayeliona, ni kosa? Na kama ni kosa, ni la nani?

Wengi wetu tutajibu haraka kwamba ndiyo, ni kosa, kwa sababu Mungu anaona. Jibu hilo sina ugomvi nalo. Ila nimegundua kwamba tunalijibu kwa mdomo tu. Mikono yetu inajibu vingine kabisa. Mimi mikono yangu ndiyo iliyonifumania.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, nikapata daraja la nne lenye pointi ambazo sitaki kuzitaja hata leo. Kwetu ni Morogoro mjini, Mji Mpya, mahali ambapo ukiamka asubuhi safu ya Uluguru iko pale juu yako na wingu lake. Kukaa mtaani kulinishinda. Kila niliyekutana naye aliuliza, "Vipi, umepangiwa wapi?" Kwa hiyo dada yangu aliposema anakwenda kujifungulia kwa bibi mzaa mama, huko Mgeta, nikajitolea kumsindikiza. Kwa sisi Waluguru hilo si jambo la ajabu. Mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake, na mjomba ana kauli juu yake. Nilikuwa nakwenda kuwa mjomba, na wakati ule hicho ndicho cheo pekee nilichokuwa na uhakika nacho.

Gari la Mgeta linapita Mzumbe, linapita Mlali, halafu linaanza kupanda na kunguruma. Asiyefika kule anadhani mkoa wote wa Morogoro ni joto na miwa. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba, nguo ukifua leo inakauka keshokutwa, na watu wazima wanashinda na masweta mchana kutwa wakipalilia kabichi na karoti. Mtoto alizaliwa katikati ya baridi hiyo. Wa kike, mzima, mwenye sauti.

Bibi anafuma. Alifundishwa na masista wa misheni akiwa msichana, na sindano zake ni spoku za baiskeli, tano, zilizonolewa ncha kwenye jiwe mpaka zikateleza kama zimepakwa mafuta. Siku ya tatu baada ya kufika kwetu aliniangalia, akasema, "Mume wangu, umekaa kama gunia lililokosa gari. Shika hizi." Nikashika. Vijana wa pale walicheka, nami nikawauliza ni nani amewahi kumcheka fundi cherehani wa kiume. Wakanyamaza. Baada ya wiki mbili nilikuwa naweza kufuma soksi ya rangi moja, ya kawaida, ya kufaa.

Ingekuwa hadithi imeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika. Lakini mimi nilitaka kuonekana.

Kwa jirani mmoja, mfugaji wa mbuzi wa maziwa, kulikuwa na picha imebandikwa ukutani, imekatwa kwenye gazeti la Kizungu. Mbuzi wale asili yao ni Norwe. Waliletwa miaka ya 1980 katika kazi za Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na Wanorwe, na hadi leo damu yao iko kwenye mazizi mengi ya Mgeta. Nadhani picha nayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo. Ilikuwa ya glovu nyeusi na nyeupe, mgongoni zina nyota kubwa ya ncha nane. Miaka kadhaa baadaye nilikuja kusoma kwamba nakshi ile ni ya mahali panapoitwa Selbu, na kwamba aliyeianzisha, mwaka 1857, alikuwa msichana wa miaka 16, Marit Guldsetbrua Emstad, aliyekwenda kanisani amevaa glovu za rangi mbili na watu wakamkodolea macho. Wakati ule sikujua lolote kuhusu Marit. Nilijua tu kwamba nataka macho ya watu yanikodolee mimi pia, lakini kwa kheri, si kwa sababu ya matokeo. Nikamwagiza kijana wa gari la mboga aniletee kutoka mjini madonge mawili ya uzi wa akriliki, jekundu na jeupe.

Hapa inabidi nieleze kidogo kazi yenyewe, maana swali langu limo humo. Ukifuma kwa rangi mbili, unashika nyuzi mbili kwa pamoja. Ule ambao ni zamu yake unatengeneza kitanzi, na mwenzake unapita nyuma ukisubiri. Kwa nje unaona nyota. Ukigeuza ndani unaona nyuzi zimelala hapa na pale, kama kamba za kuanikia nguo. Sasa nyuzi hizo za nyuma zina masharti yake. Ukizivuta sana, kitambaa kinajikunja na mkono hauingii. Ukizilegeza, zinaning'inia. Zikipita nyuma ya vitanzi vingi, lazima njiani uzipitanishe, uzi mmoja ulale juu ya mwenzake, ili ule wa nyuma ushikwe. Bibi alinionyesha: kila baada ya vitanzi vitatu au vinne, shika. Ni kazi ya kuchosha, na mkono ukiwa bado mgeni, ule uzi mwekundu ulioshikwa nyuma unachungulia mbele katikati ya weupe.

Soksi ya kwanza niliikaza, haikuingia hata ndimu. Nikaifumua. Ya pili nilikosea kuhesabu, nyota ikatoka na ncha saba. Nikaifumua. Ya tatu nyota ilikuwa kamili ila ncha moja imepinda, kama mtu mwenye bega moja chini. Usiku ule ule, kwa mwanga wa taa ya sola, nikaifumua nayo, na nilijisikia vizuri sana. Nilijiona mtu makini, mtu asiyekubali kazi mbovu.

Ya nne ilitulia. Lakini wekundu ulikuwa unachungulia. Basi nikafanya uamuzi, na hapa niseme wazi: sikupitiwa, nilijua. Niliacha kuzishika nyuzi za nyuma. Nikaziacha zipite vitanzi saba, wakati mwingine tisa, zimelegea humo ndani. Nyota ikang'aa, weupe mtupu na wekundu mtupu. Nikafuma na mwenzake hivyo hivyo. Moyoni nikasema: nani atageuza ndani?

Yupo mmoja ambaye angegeuza. Bibi macho yake yamepungua nguvu, kwa hiyo kazi anaikagua kwa kuingiza kidole. Mimi nikasubiri siku aliyokwenda gulioni Nyandira ndipo nikazitoa. Dada alifurahi mpaka akatokwa na machozi. Majirani wakaitwa. "Mjomba fundi!" Bibi aliporudi alikuta mtoto amevaa, amelala, na nani atamwamsha mtoto mchanga kwa ajili ya ukaguzi?

Usiku wa tatu mtoto alilia. Dada alimnyonyesha, akakataa. Akambeba, akambembeleza, tukadhani ni tumbo. Bibi akasikiliza kutoka chumba cha pili, akasema, "Hicho si kilio cha tumbo," akaja. Akamshika miguu, akamshika masikio, akafika kwenye mikono. Soksi ya kulia haikuvuka. Tukasogeza taa. Uzi mmoja wa ndani ulikuwa umezunguka kidole cha kati mara mbili, na kidole kimevimba, kimekuwa rangi ya zambarau. Bibi akaomba wembe. Nilitaka kumpokea kwa sababu ya macho yake, akanisukuma kwa kiwiko. Alikata kitambaa kwanza, katikati ya nyota, akapenyeza ukucha wake kati ya uzi na nyama, akakata. Mtoto alipiga ukelele, halafu akanyamaza, halafu akanyonya.

Asubuhi tulimpeleka zahanati. Mganga akasema tumewahi, kwamba uzi ukikaza hivyo kwa saa nyingi damu haifiki, na kidole kinaweza kufa. Madaktari wa watoto wanalijua sana jambo hili, kwamba hata unywele wa mama ukinasa kwenye kidole cha mtoto unaweza kufanya hivyo, sembuse uzi wa akriliki usiokatika. Mtoto mchanga hasemi. Analia tu, na sisi tunadhani ni tumbo.

Hakuna aliyenigombeza. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Bibi aliichukua soksi iliyobaki, ile ya kushoto, akaigeuza ndani nje, akaiweka kwenye kigoda mbele yangu. Nyuzi zote zikaonekana. Akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Mume wangu, hii ulimfumia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewafumia waliokuja kusifu.

Siku zile zile tulianza upya. Ukifumua uzi uliokwisha kufumwa hauwi kama mpya, unatoka na mikunjo mikunjo. Bibi aliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, akaufunga, akauloweka maji ya vuguvugu, akautundika na kigogo kidogo chini ili uvutike. Ulinyooka, si sana. Nikafuma tena, nikishika nyuzi kila kitanzi cha tatu, na yeye akipitisha kidole chake ndani kila jioni. Siku moja nikagundua kwamba mistari mitatu nyuma nimeweka kitanzi chekundu mahali pa cheupe, juu kabisa ya nyota. Nikachomoa sindano nifumue. Bibi akanishika mkono.

"Kuna nini?"

"Kitanzi kimekosewa rangi, Bibi."

"Kinamuuma nani?"

"Hakimuumi mtu. Ila kinaonekana."

"Basi kiache. Wewe unafumua yanayokuaibisha, yanayouma unayaacha."

Ndugu msomaji, sentensi hiyo nimeibeba miaka yote hii. Tazama hesabu yangu. Mara tatu nilifumua kazi nzima kwa sababu ya mambo ambayo yasingemdhuru mtoto hata kidogo, nyota ya ncha saba au bega lililopinda. Hata ile ya kwanza iliyokaza, asingeivaa tu, basi. Na mara moja niliacha jambo lililokaribia kumgharimu kidole. Bidii nilikuwa nayo, hilo huwezi kunikatalia. Lakini bidii yote ilikuwa upande wa nje.

Nikitazama mtaani naona sikuwa peke yangu. Aibu na madhara tumezoea kuviweka kapu moja, wakati ni vitu viwili mbalimbali. Aibu inahusu macho ya watu kwangu mimi. Madhara yanahusu mwili wa mwingine. Aibu inapiga kelele, kwa hiyo tunaikimbilia na wembe mkononi. Madhara yanakaa kimya mpaka usiku wa tatu. Mzazi atamchapa mtoto aliyemtia aibu mbele ya wageni, na atamnyamazia aliyemwonea mdogo wake uani. Mtu atarudia kupaka rangi ukuta wa mbele kwa ajili ya sikukuu, na choo cha nyuma kinachokaribia kutitia kitasubiri mwakani.

Kwa hiyo kosa lisiloonekana ni la nani? Zamani ningesema ni la fundi. Sasa naona fundi analo kwa muda mfupi tu, kabla hajaikabidhi kazi. Akishaikabidhi, kosa linahama linakwenda kwa mvaaji. Na tena tukisema "halionekani," tuulizane, halionekani na nani? Majirani hawakuliona, kweli. Kidole kililiona. Yule anayelijua kosa la ndani kuliko wote ndiye huyo asiyeweza kuigeuza soksi wala kusema kinachomuuma.

Ukisimama mlangoni kwa Bibi unaona, ng'ambo ya bonde, matuta ya ngazi yamepangana kuanzia mtoni mpaka karibu na msitu. Wageni wanapenda kuyapiga picha. Wazee wa Uluguru wana kumbukumbu nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilileta mpango wa matumizi ya ardhi katika milima hii, na watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya namna hiyo ili kuzuia mmomonyoko. Hoja haikuwa ya uongo, maana udongo kweli ulikuwa unateremka na mvua. Na kwa mbali mlima uliochongwa ngazi unapendeza. Ofisa anaweza kusimama barabarani akahesabu matuta na kuandika taarifa yake.

Tatizo lilikuwa ndani. Sehemu nyingi za Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi, ule mzuri unafukiwa, ule mbovu wa chini unaletwa juu. Mtu amevunja mgongo kuchimba, halafu anapanda mahindi, yanatoka ya njano. Aliyehesabu matuta hakulala njaa. Mwaka 1955 watu walikataa. Huko Matombo, upande wa mashariki wa milima, zikatokea ghasia, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango ukaachwa. Yaani ilibidi mtu afe ndipo serikali ikubali kugeuza soksi.

Utaniuliza, mbona Mgeta matuta yapo mpaka leo? Yapo kwa sababu huku wakulima wenyewe waliona faida yake kwenye mboga, wakayapitishia maji ya mifereji, wakayatia samadi. Nakshi ni ile ile, ndani yake ni tofauti. Na hapo nikaielewa pia ile nyota ya Selbu. Wao wanafuma kwa sufu ya kondoo. Sufu ina vinyweleo vinavyong'ang'aniana. Ikivaliwa na kufuliwa, nyuzi za nyuma zinashikamana na kitambaa, zinakuwa kitu kimoja. Tena wengi wanaovaa ni watu wazima wanaoweza kuchomoa kidole chao. Mimi nilichukua sura ya kazi yao nikaifuma kwa akriliki inayoteleza, kwa mkono wa mtoto wa wiki tatu. Niliazima upande wa nje bila kuuliza habari za upande wa ndani. Ni mara ngapi tumefanya hivyo katika nchi hii, na mambo makubwa kuliko soksi?

Na mambo makubwa yanaua. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Mimi si mhandisi na sitaki kuhukumu. Nasema tu kwamba tangu usiku ule wa Mgeta siwezi kupita chini ya jengo jipya lililopakwa rangi nzuri bila kujiuliza, nyuma ya plasta kuna nini, na ni nani aliyeingiza kidole.

Rafiki yangu mmoja nilimsimulia haya yote akanipinga. Alisema, "Ukifuata hayo hutamaliza kazi hata moja. Kila kitu kina kasoro ndani. Utafumua mpaka lini?" Ni pingamizi la haki, na nimeliwaza sana. Uzi wenyewe unamuunga mkono. Ukiufumua mara tano unachoka, unakonda, unakatika. Mtu anayetaka kila kitu kiwe safi ndani na nje atakufa ana madonge ya uzi tu, na mtoto amekaa na baridi. Lakini ndiyo maana lile swali la Bibi lina msaada. Yeye hakusema nifumue kila kosa. Alisema niulize linamuuma nani. Kitanzi chekundu kilibaki pale juu ya nyota, na dada yangu alikipenda, eti ndiyo alama ya mjomba.

Kuna msemo tunaupenda: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Ni msemo mzuri, ila umeruka jambo la katikati. Mimi sikuwa nimerudia kosa. Nilikuwa nimelifunika. Na kati ya kufanya na kurudia ndipo tunapoishi wengi wetu. Kiswahili chetu, kwa bahati, kina neno la mahali hapo. Tunasema funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, fuma na fumua. Kufumua hakukuitwa kuvunja wala kuharibu. Ni kazi ile ile ikirudi kwa njia iliyojia, na mwisho wake uzi bado unao mkononi. Una mikunjo, ndiyo, lakini unao. Chungu kikivunjika hakuna neno kama hilo. Wala kidole kikifa. Kwa hiyo fumua ina muda wake, nao ni kabla ya kukabidhi. Baada ya hapo kazi inahama kutoka sindano kwenda wembe.

Sasa nimalizie na lililokuwa gumu kuliko yote, maana ningekuwa mnafiki nikiwaandikia habari za upande wa ndani huku wangu nimeushona.

Bibi hakujua matokeo yangu. Nilipofika nilimwambia "nasubiri kupangiwa," na ilikuwa nusu ya uongo tu, kama uzi uliolegea. Yeye akaamini nakwenda kidato cha tano. Kila asubuhi alipeleka maziwa ya mbuzi kwa wateja wake, na jioni aliweka fedha kwenye kopo la maziwa ya unga lililokuwa juu ya kabati, akisema, "Ada ya mume wangu hiyo." Alikuwa ameacha kutia sukari kwenye chai. Mimi nilikuwa naona kopo lile kila siku na nilijiambia kwamba sijamdhuru mtu, nimeficha aibu yangu tu.

Usiku ule wa kitanzi chekundu sikulala. Nililitumia swali lake kwa jambo langu mwenyewe: hili linamuuma nani? Jibu lilikuwa linakunywa chai chungu chumba cha pili. Asubuhi nilimfuata zizini, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia yote, na pointi zangu nikazitaja. Alikuwa anakamua. Hakusimama. Alikamua mpaka mwisho, akafuta chuchu za mbuzi kwa kitambaa, ndipo akasema, "Afadhali umesema kabla sijamuuza huyu." Alimaanisha mbuzi yule aliyekuwa anamkamua. Alikuwa ameshampatia mnunuzi.

Fedha za kwenye kopo tulinunulia uzi.

Huu ni mwaka wa kadhaa nafuma na kuuza, mjini na Mgeta. Mtihani nilirudia baadaye, nikapata nafuu kidogo, lakini hiyo ni habari nyingine. Mtoto yuko shule ya msingi, na kidole kile cha kati kinashika penseli kama vingine. Soksi iliyokatwa na wembe ninayo. Nyota yake imegawanyika katikati, na ndiyo niliyoifuma kwa uzuri kuliko zote.

Wateja wengi wanatazama nje, wanauliza bei, wanaondoka. Siwalaumu. Mwaka jana mama mmoja mjamzito alisimama mbele ya meza yangu, akachukua soksi ndogo za nyota, hakuzitazama sana. Akaingiza kidole ndani, akakizungusha polepole mpaka kwenye kona zote, akaingiza na kwenye ya pili. Ndipo akauliza, "Shilingi ngapi?"

Nilimpunguzia mia tano bila kuombwa.